Pineali, serotonini, na mwenye kuamka saa tisa usiku kukanda mahamri

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Langoni, Lamu. Nalifupisha: "Shikamoo dokta. Mimi huuza mahamri na mbaazi, huamka saa tisa usiku nikakanda, na kulala nalala saa tano, saa nyengine saa sita. Mwaka sasa roho nzito, sina raha na kitu, nalia bila sababu. Shoga yangu kanitumia video yasema ati katikati ya ubongo kuna tezi ya pineali, ndio jicho la tatu, ndio itoayo serotonini ya furaha, na yangu imeziba kwa sababu ya dawa ya mswaki. Mwenye video auza dawa ya kuizibua pamoja na vidonge vya melatonini, ati vitaniongezea serotonini. Ninunue?"

Marahaba dada yangu. Watu waniita dokta lakini mie ni mfamasia tu, miaka mingi niko nyuma ya kaunta hapa Malindi, na hiyo dawa ya kuzibua pineali nishaulizwa si mara moja si mbili. Jibu fupi: usinunue. Jibu refu ndio hili, jimiminie chai kabisa manake mambo haya mimi nikiyaanza sinyamazi.

Hiyo video imepika ukweli na uongo sufuria moja, ndio maana yavutia. Ukweli ni kwamba pineali ipo, iko ndani kabisa katikati ya kichwa, ndogo kama punje ya mchele, uzito wake kama gramu 0.1 hivi. Na ni kweli pia kwamba ndani yake mna serotonini, kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana habari kwayo, tena nyingi ajabu, mchana ukipima hupati sehemu ya ubongo itakayoishinda. Sasa hapo ndipo jamaa wa video alipokurupuka, kaona serotonini nyingi akasema basi, hiki ndicho kiwanda cha furaha. Sicho. Serotonini ya pineali haitoki kwenda kukufurahisha wewe, ile ni ya matumizi ya nyumbani.

Nikueleze kwa kazi yako mwenyewe. Kwenye chakula kuna kitu chaitwa triptofani, wakipata kwenye samaki, mayai, maziwa, kunde, korosho, ufuta. Huo ndio unga. Seli za pineali zauvuta kutoka kwenye damu, zaukanda kwa hatua mbili, wawa donge, na donge hilo ndio serotonini (donge la unga, si lile la roho tunaloimbiana kwenye taarabu). Mchana kutwa donge lakaa kwenye karai, lajaa tu. Giza likishaingia jiko lawashwa, enzimu mbili zafanya kazi moja baada ya mwenzake, donge lakaangwa na latoka hamri, na hamri lenyewe ndio melatonini. Kwa hivyo usiku serotonini ndani ya pineali yashuka na melatonini yapanda, kukipambazuka mambo yageuka. Na melatonini haiwekwi kabatini, ikitoka jikoni yaingia kwenye damu hapo hapo ikautangazie mwili mzima kwamba ni usiku.

Hata jina lenyewe lasema. Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Marekani kule Yale, alikuwa akitafuta dawa ya mbalanga, maana ilikuwa yajulikana tangu 1917 kwamba viluwiluwi wakilishwa pineali ya ng'ombe ngozi yao yapauka. Basi akakusanya pineali za ng'ombe maelfu kwa maelfu na mwaka 1958 akakitoa hicho kitu. Mbalanga hakikutibu. Lakini jina alilokipa, ile "tonini" ya mwisho, kaitoa kwenye serotonini, kwa sababu aliona vitu viwili hivi ni wa ukoo mmoja. Miaka iliyofuata mwenzake mwengine, Julius Axelrod, akaonyesha hatua za kutoka serotonini hadi melatonini, na mwaka 1970 akapata tuzo ya Nobel, ingawa hasa ilikuwa kwa kazi yake nyengine ya noradrenalini, kemikali nyengine ya kupeleka habari kwenye mishipa ya fahamu.

Sasa ile serotonini yenye kugusa roho yako, usingizi wako, hamu yako ya kula, yatoka wapi? Yatoka kwenye viini vya rafe, vimejipanga mstari kwenye shina la ubongo, kule nyuma karibu na kisogo. Seli zao ni laki chache tu kati ya mabilioni ya seli za ubongo, lakini nyuzi zao zatambaa karibu kila pembe. Hilo ni jiko jengine kabisa, lina unga wake na donge lake, na hata enzimu ya kukandia si ile ile ya pineali, zafanana tu kama ndugu. Na ukitaka kushangaa zaidi, serotonini nyingi ya mwili wako, zaidi ya asilimia 90, haiko kichwani kabisa, iko matumboni, yasaidia utumbo kusukuma chakula. Ya tumboni haipandi ubongoni kwa sababu kuna kizuizi baina ya damu na ubongo ambacho serotonini haikipiti, triptofani ndio yapita. Ndio maana ndizi ina serotonini yake lakini hata ule mkungu mzima hutaingiza hata tone la hiyo serotonini ubongoni.

Na ushahidi mzuri kuliko wote ni watu waliotolewa pineali kwa upasuaji kwa sababu ya uvimbe. Hao melatonini kwenye damu yao yapotea karibu yote, wengine usingizi wawasumbua, lakini rafe zao zaendelea kutengeneza serotonini kama kawaida. Kama pineali ingekuwa kisima cha furaha, hao wangetoka tiyata wamekauka.

Jicho la tatu nalo silikatai lote. Ukienda sokoni pale ukiona jodari, mtazame utosini, kuna baadhi ya jodari wana kidirisha cha ngozi na gegedu lenye kupitisha mwanga, na chini yake ndio iko pineali, yaona jua moja kwa moja. Baadhi ya mijusi pia wana kijicho kidogo utosini. Kwa hivyo kwa viumbe hao ni jicho kweli, jicho la kujua mchana na usiku, si la kuona majini. Kwetu sisi fuvu limefunika, pineali iko gizani, yategemea kuambiwa. Descartes, yule mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 17, alisema roho ya mtu hapo ndipo inapokaa, na mpaka leo watu wamekazana na hilo wakati yeye hakuwa hata na darubini ya kuitazama seli.

Yaambiwaje basi? Hapa ndio patamu, na hapa ndipo lilipo jambo lako. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli ambazo kazi yao kubwa si kuona sura, ni kupima mwanga, hasa ule wa buluu buluu kama wa anga la asubuhi. Zatuma habari kwenye saa kuu ya mwili iliyo juu tu ya pale mishipa ya macho inapokutana. Saa kuu nayo ili ipate pineali, ambayo iko sentimita chache tu nyuma yake, yatuma ujumbe ushuke kwenye uti wa mgongo mpaka kifuani, upande tena shingoni, halafu ndio urudi kichwani. Ni kama mtu yuko Lamu ataka kwenda Shela akaanza kwa kupanda mashua ya Mokowe. Mwisho wa safari hiyo mishipa yamwaga noradrenalini kwenye pineali, nayo ndio kiberiti, jiko lawaka. Mwanga ukiingia machoni, hata saa nane za usiku, kiberiti kinazimwa na melatonini yashuka upesi. (Kidokezo cha kaunta: dawa za presha kama atenololi na propranololi huzuia hicho hicho kiberiti. Mtu akianza dawa hizo akaona usingizi umekimbia asiziache kwa kichwa chake, amwambie aliyemwandikia.)

Kwa hivyo ukiniuliza je, pineali yaathiri serotonini ya ubongo, nitasema ndio, ila si kwa kuimwaga. Yaathiri kwa kupanga saa. Melatonini yarudi kwenye saa kuu kuithibitishia usiku, na rafe zenyewe zina nyuzi zinazofika kwenye saa hiyo hiyo, hivyo hawa watatu wasemezana kila siku. Kwa panya wa maabara imeonekana pia melatonini yaweza kubadilisha kiasi cha serotonini kinachotolewa kwenye sehemu fulani za ubongo, lakini panya ni panya, mimi sitakuuzia kidonge kwa sababu ya panya.

La maana zaidi ni usingizi. Seli za rafe zapiga sana ukiwa macho, zapunguza ukilala, na kwenye usingizi wa ndoto karibu zanyamaza kabisa. Usingizi wa ndoto wenyewe hujaa zaidi sehemu ya mwisho ya usiku. Wewe walala saa tano, waamka saa tisa, yaani hiyo sehemu ya mwisho ndio unayoikata kila siku ya Mungu, tena waikata pale melatonini iko kileleni, manake kilele chake ni baina ya saa nane na saa kumi usiku, wawasha na ile bulbu nyeupe ya LED juu ya meza usoni. Kuna majaribio panya waliachiwa kulala saa 4 tu kwa siku, siku 8 mfululizo, na aina moja ya vipokezi vya serotonini ubongoni mwao ikapoteza makali. Yaani serotonini yaweza kuwepo, masikio ya kuisikia ndio yamechoka. Sisemi wewe ni panya dada, lakini hesabu ya saa 4 uliniandikia mwenyewe.

Upande wa pili ni mchana. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walichapisha kazi yao, walichukua damu kwenye mshipa mkubwa wa shingo unaotoka ubongoni kwa wanaume 101 wazima, majira tofauti ya mwaka, wakaona kiasi cha serotonini kinachotengenezwa na kutumika ubongoni kilikuwa chini kabisa msimu wa baridi na kilipanda siku zenye jua kali. Zingatia, ni jua la siku hiyo hiyo. Sasa utaniambia sisi Lamu jua tunalo mpaka latukera, na kweli, pale kwenu tofauti ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka mzima haifiki hata nusu saa, hatuna habari ya wale wa kaskazini ya Norwe wanaokaa wiki kadhaa bila kuona jua. Lakini jua kuwepo nje si jua kuingia machoni. Nyumba ya mawe ya Lamu ukuta wake ni mnene, vidirisha vidogo, na njia zenyewe nyembamba hata mwanga wa saa sita wapita kwa kubisha hodi. Ndani mwanga waweza kuwa luksi (kipimo cha mwanga) 100 au 200, nje penye jua yafika 100,000, na hata kukiwa na mawingu ni maelfu. Mtu afanya kazi usiku chini ya taa, asubuhi auza kibarazani kivulini, halafu aingia ndani kulala kidogo na kupika. Saa kuu yake haijui mchana ni upi na usiku ni upi, yote yamekuwa magharibi.

Haya, vidonge. Kwanza hamri halirudi kuwa donge. Ukimeza melatonini mwili hauigeuzi ikawa serotonini, njia ile ni ya kwenda tu, kwa hivyo "itakuongezea serotonini" ni uongo mtupu. Melatonini ina kazi yake, yaweza kusaidia kusogeza saa ya mwili kwa mtu aliyevuka bahari kwa ndege au wa zamu, kwa dozi ndogo, jioni, na si kwa kila mtu. Pili, hujui kilichomo chupani. Kanada mwaka 2017 walipima bidhaa 31 za melatonini za dukani, nyengine zilikuwa na kidogo sana kuliko karatasi inavyosema, nyengine mara nyingi zaidi, na 8 kati ya hizo zilikutwa na serotonini ndani ambayo haikuandikwa popote. Hiyo ni Kanada, sembuse chupa ya mtu wa kwenye video asiye na anwani.

Na hapa nakuomba uniskize vizuri. Kama watumia dawa yoyote ya dipresheni kama fluoksetini au sertralini, au tramadoli ya maumivu, ambayo huku pwani yauzwa kama peremende na mimi yaniuma, usichanganye na vidonge vya "kuongeza serotonini", hasa vile vya 5-HTP. Ile njia ya donge nimekwambia ina hatua mbili, 5-HTP ni ya katikati, na hiyo kweli yapita ubongoni. Zikikutana serotonini yazidi mpaka mtu atoka jasho, atetemeka, ahara, moyo wakimbia, joto lapanda, na yaweza kuua. Hiyo ni ya kukimbizwa hospitali usiku ule ule.

La dawa ya mswaki nalo nilipitie haraka. Pineali hukusanya chembe za chokaa tangu utotoni, twaita mchanga wa ubongo, ukipiga picha ya CT kwa watu wazima ni jambo la kawaida kuuona. Floridi, ile iliyomo kwenye dawa ya mswaki, hukaa kwenye chokaa popote ilipo, mifupani, menoni, na hapo pia imekutwa. Kutoka hapo mpaka kusema imeziba na kuna maji ya kuizibua ni kuruka bahari kwa mguu mmoja. Piga mswaki.

Ufanye nini sasa. Kabla ya yote, roho nzito mwaka mzima na kulia bila sababu si jambo la kumwachia mfamasia wala video, na si lazima liwe usingizi peke yake. Nenda hospitali ya King Fahd hapo hapo Lamu, uwaambie kama ulivyoniambia, wakuangalie damu kama imepungua, tezi ya shingo, kama una mimba au umejifungua karibuni, na wakuulize habari ya dipresheni, sonona kama wasemavyo redioni. Kama yakujia mawazo ya kutotaka kuishi basi usingoje kesho, nenda leo na mwambie mtu wa nyumbani afuatane nawe. Dawa zipo, mazungumzo yapo, na wala si ukosefu wa imani, hilo nimechoka kulisikia.

Pili, jua la asubuhi. Ukishauza, saa moja au saa mbili, usiingie ndani, panda darini au shuka forodhani ukae nusu saa uso kwenye mwanga, si kulitazama jua, kukaa tu. Darini hata mbaazi waweza kuchambua. Tatu, taa. Ile nyeupe iache ya mchana, usiku weka ya manjano hafifu, ielekee mezani isielekee machoni. Simu ukishaswali Isha iweke mbali, najua ni rahisi kusema. Mchana lala kidogo baada ya Adhuhuri, dakika 20 au 30, si saa 3, la sivyo usiku utakodoa macho. Na kahawa yenu ile ya tangawizi ikome alasiri.

Lakini haya yote hayatafaa kitu kama utaendelea kulala saa 4, na najua huwezi kuacha kazi, ndio riziki. Basi tucheze na donge. Kanda jioni, baada ya Magharibi, hamira punguza mpaka nusu ama chini ya hapo, funika vizuri na uweke kwenye friji. Kwenye baridi donge laumuka polepole usiku kucha bila wewe. Hapo waweza kulala saa mbili unusu baada ya Isha na kuamka saa kumi unusu, hizo ni saa 8 dada, mara mbili ya unazolala sasa, ukiamka ni kulitoa lipungue ubaridi, kusukuma na kukaanga. Usiliache nje tu, kwa joto la Lamu litachacha kabla ya saa sita. Kama huna friji muombe jirani mwenye friji umpe mahamri yake kila asubuhi ndio kodi. Jaribu na kilo moja kwanza wiki hii, usije ukawauzia wateja mahamri ya uchachu halafu useme ni mfamasia wa Malindi.